Vipande vya Lugha na Bei Yake Safarini

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wanafunzi wetu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Nilipoombwa nizungumze juu ya lugha, anuwai na utandawazi, jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kupunguza mzigo. Kila moja ya mada hizo, hata ikiwa peke yake, imekwisha kuwachosha watu wazima, na msemaji anayezibeba zote tatu kwa saa moja huishia kuwagawia wasikilizaji wake upepo. Kwa hiyo nimeamua kumfuata mtu mmoja, mtafiti aliyezishughulikia zote tatu kwa zaidi ya miaka 30, na nitamfuata hasa pale ambapo njia yake ilikutana na Kiswahili. Mtu huyo ni Jan Blommaert.

Blommaert alikuwa Mbelgiji. Alizaliwa mwaka 1961, akasomea na kufundisha Ghent, akapita London, na miaka yake ya mwisho ya kazi akaitumia katika Chuo Kikuu cha Tilburg nchini Uholanzi, hadi alipofariki dunia Januari 2021. Wanaisimujamii, yaani wataalamu wa lugha katika jamii, wa Ulaya na Marekani wanamkumbuka zaidi kwa maandishi yake juu ya utandawazi, na wengi wao humsoma kana kwamba mawazo yake yalichipuka Antwerp au London. Mimi nadai kwamba yalichipuka Dar es Salaam. Alikuja Tanzania katika miaka ya 1980 akiwa kijana aliyejifunza Kiswahili darasani, akaikuta nchi yenye maduka matupu na foleni za sukari, na akawakuta watu wanaotumia lugha kwa namna ambayo vitabu alivyovisoma havikuwa na maelezo yake. Sehemu kubwa ya yale aliyoyasema baadaye juu ya dunia nzima ni jibu la mshangao huo.

Kazi yake ya mwanzo ilihusu siasa ya lugha nchini Tanzania. Sote tunaijua historia yenyewe, kwa hiyo sitaikokota: Azimio la Arusha la mwaka 1967, kuundwa kwa BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, mwaka huohuo, Kiswahili kuwa lugha ya shule za msingi, na wasomi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kukesha wakitunga istilahi. Blommaert alijiuliza swali ambalo wenyeji tulikuwa karibu mno nalo kuliuliza. Ikiwa Kiswahili kilienea hadi kijiji cha mwisho, mbona wasomi walewale waliokieneza walizungumza kama watu walioshindwa? Jibu lake lilikuwa kwamba dola ilikifunga Kiswahili na Ujamaa katika furushi moja. Ilitarajiwa kwamba mwananchi akikipokea Kiswahili atakuwa amepokea na itikadi, na kwamba Kiingereza, lugha ya ubepari, kitanyauka chenyewe. Lugha ikapokelewa kwa mikono miwili, itikadi ikaachwa barazani, na Kiingereza kikabaki kilipokuwa, shule za sekondari na vyuoni. Kwa kipimo kile cha furushi, kazi ilionekana nusu. Kwa kipimo kingine chochote, nchi chache za Afrika zimefika hapo.

Hapa ninatofautiana naye kidogo. Aliwasoma mno wasomi na viongozi, akawasoma kidogo akina mama wa sokoni. Mama aliyetoka Newala akaolewa Mwanza hakuwa na hesabu yoyote na itikadi. Alichokipata ni lugha ya kugombana na mawifi zake na kupatana nao bila mkalimani, na hiyo kwake ilikuwa siasa tosha. Blommaert mwenyewe aliliona pengo hilo baadaye, na nadhani ndilo lililomfanya ageuze macho, aache kusoma sera na aanze kusoma kuta.

Kabla ya kuta, neno moja juu ya wahadhiri, kwa kuwa tumo humu. Alipokuwa Mlimani aliusikiliza usemi wetu, akauita Kiswahili cha chuoni: sentensi ambayo mifupa yake ni ya Kiswahili na nyama yake ni ya Kiingereza, kitenzi cha kigeni kikivishwa nime- mbele na -ia nyuma, kikatembea kama mwenyeji. Wengine wangeusikia usemi huo wakasema hawa hawajui lugha hata moja. Yeye alisema hii ni sare. Waliozungumza hivyo walikuwa watu waliosoma nje, waliokubali Kiswahili kama msimamo wa kizalendo, na ambao hawakutaka mtu asahau kwamba wamesoma. Nilipoyasoma maneno hayo mara ya kwanza nilijisikia kama mtu aliyepigwa picha akiwa anatafuna.

Sasa kuta. Blommaert alitembea Dar es Salaam akinakili maandishi ya Kiingereza aliyoyaona kwenye maduka, mabango na mabasi. Ubavuni mwa basi moja aliyakuta maneno "Con Ford". Kwenye duka la vifaa vya ujenzi aliyakuta "Whole sallers of hardwere". Mgeni wa kawaida hupiga picha, akacheka, akawapelekea jamaa zake. Yeye alisimama akauliza: maandishi haya yamewekwa ili yasomwe na nani? Si Mwingereza, maana Mwingereza hapandi basi hilo wala hanunui mabati hapo. Yamewekwa kwa ajili ya abiria na wateja wa palepale, ambao wanakiona Kiingereza kama wanavyoiona rangi mpya na kioo kisichopasuka: dalili kwamba mwenye chombo ni mtu wa kisasa, mwenye mipango. Kwa kazi hiyo, maandishi yale hayana kosa hata moja. "Con Ford" ni neno lililoandikwa na sikio la Mswahili, na ujumbe wake umefika salama kituoni.

Kosa huzaliwa pale maandishi hayohayo yanapoondoka. Yachukue uyaweke kwenye barua ya kuomba kazi London, na hapohapo hugeuka ushahidi kwamba mwandishi hajasoma. Herufi ni zilezile; bei ndiyo iliyobadilika. Kila aliyewahi kusafiri na noti za shilingi anajua jambo hili kwa mfukoni. Noti inayokulisha chakula cha mchana Kariakoo, chapati na mchuzi na chai juu, ukiisukuma chini ya kioo cha kubadilishia fedha katika uwanja wa ndege wa mbali hurudishwa kwa kidole kimoja. Haijaghushiwa, wala haijachanika. Imefika mahali ambapo haipangi bei. Huu ndio moyo wa isimujamii ya Blommaert. Kwake utandawazi ni safari ya watu na maneno kutoka soko moja hadi lingine, na isimujamii yenye maana ni ile inayouliza nani ana mamlaka ya kupanga bei katika kila soko.

Wala haya si mambo ya Waafrika peke yao. Alipenda kutoa mfano wa duka moja la chokoleti za bei ghali mjini Tokyo, lililojipa jina la Kifaransa lenye maana ambayo, kwa heshima ya hadhara hii, nitasema tu kwamba ni ile sehemu ya mwili wa bibi aitwaye Nina ambayo huikalia kiti. Wajapani waliopita hapo hawakukiona kioja chochote. Waliona herufi za Kifaransa, na herufi za Kifaransa ni utamu na gharama. Kifaransa kilichoandikwa pale kilikuwa cha kutazamwa.

Kutokana na mifano hiyo alifikia dai ambalo walimu wa lugha hatulipendi, na ambalo naona ni la kweli. Alisema kwamba hakuna mtu anayeijua lugha nzima. Tunajua vipande. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou ana Kichina cha tarakimu, cha rangi za vitambaa na cha kukataa bei. Kiarabu cha sala. Kiingereza cha fomu za forodha. Kipare cha kumwamkia mama yake. Na Kiswahili cha mambo mengine yote, ingawa hata katika Kiswahili hicho hawezi kuandika hukumu ya mahakama wala kutunga utenzi. Akiba yake ya lugha ni kama kapu la mtu aliyepita sokoni mara nyingi: kila kilichomo kina mahali kilipookotwa na kazi kilichookotewa. Ukimwuliza anajua lugha ngapi, atakujibu tano au mbili, kulingana na anavyokuona. Ukilipindua kapu na kukagua kilichomo, utausoma wasifu wake wote.

Kuna mahali ambapo hoja hii iliniumiza, nami nitapapitia upesi. Blommaert na wenzake walifanya utafiti katika shule ya sekondari ya Wesbank, kitongoji cha watu maskini karibu na Cape Town. Walikuta kwamba makosa ya Kiingereza katika daftari za wanafunzi yalikuwemo pia katika maandishi ya walimu wao, na kwamba walimu walisahihisha kwa kipimo cha palepale: mwanafunzi aliyeeleweka alipewa alama zake. Ndani ya shule mambo yakaenda, na watoto wakajiona wanafaulu. Watafiti hawakuwalaumu walimu, na mimi siwalaumu. Lakini sisi tunaowapokea watoto waliosoma miaka saba kwa Kiswahili wakabadilishiwa lugha siku ya kwanza ya kidato cha kwanza, tunaijua alama ya aina ile. Tumeitoa kwa huruma, tukijua kwamba mtihani wa taifa hauna huruma.

Sehemu nyingine ya kazi yake, ile inayotajwa sana siku hizi, ni juu ya anuwai. Mwaka 2007 mwanaanthropolojia Steven Vertovec, akiitazama London, alitunga istilahi ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuiita anuwai iliyokithiri: hali ya jiji ambalo wahamiaji wake hawatoki tena katika makoloni mawili matatu ya zamani, bali kila upande wa dunia, kwa vibali vya kila aina na kwa sababu za kila aina, na mawasiliano ya intaneti yakiwafunga na kwao kila saa. Blommaert aliichukua istilahi hiyo akaipeleka mtaani kwake, Berchem, katika jiji la Antwerp. Alikuwa mkazi wa hapo, hivyo aliufanya utafiti wake akienda kununua mkate.

Siku moja aliona karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha duka, imeandikwa kwa mkono, kwa Kichina, ikitangaza nyumba ya kupanga. Msomaji wa haraka angesema: Wachina wapo Berchem. Blommaert aliisoma kama fundi saa. Mwandishi alikuwa amechanganya herufi za Kichina cha jadi, zinazotumika Taiwan, Hong Kong na kwa Wachina wengi waliohamia Ulaya zamani, na herufi zilizorahisishwa za China Bara. Tena kodi ilitajwa kwa yuani, ingawa hapana shaka ilitakiwa ilipwe kwa yuro. Mtu wa kizazi cha wahamiaji wa zamani, au aliyesoma kwao, alikuwa akijikongoja kuwaandikia wageni wapya kutoka China Bara, na katika kujikongoja huko alikuwa ameandika, bila kukusudia, historia fupi ya uhamaji wa Wachina barani Ulaya. Mtafiti aliyekuja na dodoso la "lugha zinazozungumzwa mtaani" angeandika "Kichina", akaweka alama ya vema, akaenda zake.

Mfano huo naupenda sana. Istilahi yenyewe siipendi, na nimewahi kulisema hilo mbele ya watu walioikasirikia kauli yangu. Anuwai hiyo ilikithiri kwa macho ya nani? Mtu wa Mombasa, wa Unguja au wa Kilwa akiambiwa kwamba mwanzoni mwa karne ya 21 binadamu wameanza kuchanganyika mitaani kwa asili, dini, lugha na biashara zao, ataona kwamba habari imemfikia kwa kuchelewa. Na tusiende pwani tu. Pale Katanga, kusini mwa Kongo, tangu miaka ya mwanzo ya karne ya 20, kampuni ya madini ilikusanya vibarua kutoka Kasai, kutoka Ruanda-Urundi na kutoka nchi ambayo leo ni Zambia, ikawaweka katika kambi moja, na humo kikakua Kiswahili kisichomfuata mtu wa Unguja hata kidogo. Blommaert aliijua Katanga vizuri kuliko wengi waliomfuata, kwa hiyo shitaka hili namfutia nusu.

Aliijua kupitia maandishi. Alipata kusoma karatasi za mtu mmoja wa huko, aliyewahi kuwa mtumishi wa nyumbani wa bibi wa Kizungu, ambaye aliandika historia ya maisha yake kwa Kiswahili cha Katanga na kumpelekea bibi huyo aliyekuwa amekwisha kurudi Ulaya. Aliiandika mara tatu. Ukitazama kurasa zenyewe unaona maneno yaliyogawanywa pasipogawanywa, herufi kubwa zilizosimama katikati ya neno, tarehe zilizoachiwa nafasi na kujazwa baadaye. Mtu huyu hakuwa na kitabu cha kumwonyesha wasifu unaandikwaje, hakuwa na hati za kumkumbusha mwaka, na pengine karatasi yenyewe aliitafuta kwa taabu. Alikuwa anajijengea kwa mikono yake kitu ambacho wenye shule hukikuta kimekwisha jengwa. Kule Katanga, karatasi zile ni kazi ya mtu anayejua kuandika, na jirani zake wangemheshimu kwazo. Zilipofika mezani Ulaya zikawa mwandiko wa mtu asiyejua kuandika. Ni zilezile noti za shilingi chini ya kioo.

Waheshimiwa, nimeyatanguliza yote hayo ili nifike katika jambo ambalo Blommaert aliliona kuwa zito kuliko mengine, nami nakubaliana naye: mwomba hifadhi mbele ya afisa.

Mwaka 2009 alichapisha uchambuzi wa kesi ya kijana mmoja aliyeomba ukimbizi Uingereza, ambaye katika utafiti amepewa jina la Joseph. Joseph alisema ni Mnyarwanda. Maafisa walikataa, na hoja yao kubwa ilikuwa lugha. Kinyarwanda chake kilikuwa cha kuokoteza, Kiingereza chake kilikuwa kizuri kuliko walivyotarajia kwa Mnyarwanda, na juu ya hayo alizungumza Kinyankole, lugha ambayo kwenye ramani iko Uganda. Wakahitimisha kwamba huyu ni Mganda. Mnyarwanda halisi, kwa mujibu wa ramani, huzungumza Kinyarwanda na Kifaransa.

Blommaert aliichukua hadithi ya maisha ya kijana yule akaipanga mwaka kwa mwaka, mahali kwa mahali, akaonyesha kwamba kila kipande cha lugha kilichowatia maafisa shaka kilikuwa na pahali pake. Alilelewa katika nyumba iliyotumia Kiingereza na iliyomzuia kuchanganyika na watoto wa nje, akawapoteza wazazi, akalelewa na mjomba aliyezungumza Kinyankole. Kwa Mwingereza mwenye ramani, hayo ni maelezo ya kutungwa. Kwa mtu wa Maziwa Makuu ni habari za jirani. Ni nani kati yetu asiyejua kwamba Wanyarwanda walivuka kuingia Ankole tangu mwaka 1959, wakazaa huko, wakasomesha watoto kwa Kiingereza, na kwamba kuanzia mwaka 1990 wengi wa watoto hao walianza kurudi Rwanda na lugha walizokulia? Serikali ya Rwanda yenyewe iliamua mwaka 2008 kufundisha shuleni kwa Kiingereza, na mwaka 2017 ikakipokea Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha rasmi. Vita, ukimbizi na kurudi nyumbani ndivyo vilivyomfundisha kijana yule lugha zake. Maafisa walitaka awe na akiba ya lugha ya mtu aliyekaa mahali pamoja kwa amani, na mtu wa namna hiyo asingekuwa na sababu ya kufika mlangoni kwao.

Wanaisimu hawakunyamaza. Mwaka 2004, wataalamu 19 kutoka nchi mbalimbali walitoa mwongozo wa pamoja juu ya matumizi ya uchunguzi wa lugha katika kesi za hifadhi, wakieleza kwamba lugha inaweza kudokeza mtu alikulia katika jamii gani, lakini haiwezi kutaja uraia wake, kwa sababu lugha hazikuchorwa na watu waliochora mipaka. Wenye Kiswahili tunao mfano wetu wa kusikitisha. Wabajuni wa visiwa vya kusini ya Kismayu ni watu wa Somalia, na lugha yao ni lahaja ya Kiswahili. Vita vya mwaka 1991 viliwatupa Mombasa, wengine wakaishi humo makambini kwa miaka, watoto wao wakazoea Kimvita, lahaja ya Mombasa. Walipofika Uingereza kuomba hifadhi waliambiwa: huzungumzi Kisomali, unazungumza Kiswahili, basi wewe ni Mkenya. Mtaalamu kama Derek Nurse, aliyezichunguza lahaja za pwani ya kaskazini kwa miaka mingi, alilazimika kueleza tena na tena mambo ambayo mvuvi yeyote wa Lamu angeyaeleza bure.

Sasa nitasema jambo moja dogo la kwangu, kwa sababu siku hizi mtu akinitajia neno utandawazi ndilo linalonijia. Kwa miaka kadhaa nilifanya ukalimani katika mahojiano ya waomba hifadhi, katika nchi moja ya Ulaya nisiyohitaji kuitaja, na maelezo ya watu nimeyageuza kiasi cha kuwastahi. Chumba kilikuwa na meza, saa ya ukutani, jagi la maji, na afisa aliyeandika kila neno kwenye kompyuta. Nililetwa mara nyingi katika mahojiano ya pili, baada ya yale ya kwanza kukalimaniwa na mtu mwingine.

Bibi mmoja wa pwani alikuwa ameandikwa katika mahojiano ya kwanza kwamba watu wenye silaha waliingia kwake saa 2 za usiku wa manane, watoto wakiwa bado wanakula. Afisa alitaka kujua ni watoto gani wanaokula saa 2 usiku wa manane, na aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kumkamata mwongo. Yule bibi hakuelewa swali. Kwake aliulizwa kwa nini watoto walikula chakula cha usiku saa mbili, akajibu kwa adabu kwamba siku hiyo mchuzi ulichelewa kuiva. Nilimwomba afisa ruhusa ya kusema kama mkalimani, nikamweleza kwamba sisi tunahesabu saa kuanzia kuchwa kwa jua, kwamba saa mbili yetu ya usiku ni saa nane yao, na kwamba aliyekalimani mwanzo alifasiri tarakimu akaliacha jua. Aliitazama saa ya ukutani, kisha akanitazama mimi, kana kwamba nimeitungia hadithi papo hapo.

Mwingine alikuwa mzee wa Lubumbashi. Mahojiano yake ya kwanza yalifanywa na mkalimani wa huku kwetu, mwenye Kiswahili safi kuliko changu. Mzee alisema, "Bibi yangu alibakia mu nyumba na batoto," na ikaandikwa kwamba nyanya yake alibaki nyumbani na watoto. Miezi ilipita. Katika mahojiano ya pili akamtaja mkewe, kwamba ndiye aliyekuwa ndani ya nyumba ile, na kwamba tangu siku hiyo hajajua kama yu hai. Afisa alifungua faili, akasoma, akauliza: mara ya kwanza ulisema ni nyanya, leo ni mke, ni nani hasa aliyekuwa ndani? Nikalikalimani swali. Mzee alininyoshea macho mimi, maana ndiye niliyekuwa na lugha inayofanana na yake, akasema polepole kama anayemfundisha mtoto: "Bibi yangu njo muke yangu."

Nilijua. Kila aliyepita Katanga anajua. Lakini ilinibidi kumweleza afisa kwamba neno hilohilo, katika lugha aliyoambiwa ni moja, upande mmoja ni mzaa mama na upande wa pili ni mke wa mtu, na kwamba wakalimani wote wawili tumeajiriwa kwa kibali kimoja kilichoandikwa "Kiswahili". Alinyamaza kwa muda. Alikuwa kijana, na nadhani siku ile alikuwa na mahojiano mengine matatu. Mzee alikunywa maji, akaweka gilasi, akaizungusha mezani kwa vidole viwili. Kisha afisa aliivuta ile karatasi ya mahojiano ya kwanza, akakata neno moja kwa kalamu, na kabla hajaandika pembeni akaniuliza lile neno la mzee linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.